Sakafu ya Mbao Ikaguliwe Chini

Usiku wa Juni 16, 2015, mjini Berkeley, California, roshani ya mbao ilikatika watu 13 wakiwa juu yake. Sita walifariki, watano kati yao wakiwa wanafunzi kutoka Ireland. Jengo lenyewe halikuwa limefikisha miaka 10. Boriti zilizoibeba roshani zilikuwa zimeoza karibu na ukuta, mahali ambapo maji yaliingia yakakosa pa kutokea.

Wenye nyumba wengi hukagua sakafu ya nje ya mbao kwa kutembea juu yake, wakitafuta mbao zilizopasuka au kupauka. Hizo ndizo zisizo na hatari kubwa, maana jua na upepo huzikausha. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi. Unaooza ni ule uliofichwa kivulini, uliobanwa na ukuta, uliolala juu ya udongo.

Kwa hiyo anzia ukutani, kwenye ule ubao mrefu unaoshikilia boriti zote upande wa nyumba. Tazama umefungwa kwa kitu gani. Kama ni misumari mitupu, hiyo ni kasoro hata kama mbao zote ni nzima, kwa sababu msumari huchomoka polepole kila uzito unapouvuta. Kinachotakiwa hapo ni boliti. Kisha chukua bisibisi, uchokoe ubao huo, ncha za boriti na vitako vya nguzo. Ikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Bandua kibanzi kidogo pia: ubao mzima hutoa nyuzi ndefu, uliooza humeguka vipande vifupi.

Kutu nayo isipuuzwe. Tangu mwisho wa 2003 viwanda vya Marekani viliacha kutumia dawa yenye aseniki kwenye mbao za majumbani, vikageukia dawa zenye shaba nyingi zaidi, ambazo hula chuma cha kawaida haraka. Misumari na vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu au vilivyopakwa zinki ya kutosha.

Mwaka 2018 California ilitunga sheria: roshani za mbao kwenye majengo yenye nyumba tatu au zaidi za kupanga zikaguliwe kila miaka 6. Nyumba ya familia moja haimo, na hapo ndipo sheria ilipoishia mapema mno. Boriti haijui imebeba wapangaji au mwenye nyumba na wajukuu wake. Bisibisi ikizama kwenye ubao wa ukutani, mtu asipande tena hadi fundi afungue na kuzitazama boriti zote.