Mchezaji mfupi anaweza kufika juu?



Juma lililopita karatasi ya majina ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha walimu: wachezaji 18 watakaoshuka Beni kucheza na wenzetu wa kule. Wengi walisoma wakapiga kelele za furaha. Mmoja alisoma mara tatu, akaenda zake bila neno. Ni mtoto wa darasa la pili ya humanités, ana miaka 15, na wenzake wanamwita Kadogo. Jioni alitukuta pale kwenye bomba la maji, akatuuliza kwa heshima: « Bayaya, kama ni mupira sijue, muniambie. Kama ni urefu njo ulikosa, muniambie pia, niache kuharibu viatu. »

Sisi makapita tulikuwa kwenye meza ile, pamoja na mwalimu wa mchezo. Tunajua kilichosemwa. Jina lake liliposomwa, mmoja wetu alisema: « Ule batamuvunja », wengine tukacheka kidogo, jina likapita. Hakuna aliyeuliza kama mtoto anajua kucheza. Kwa hiyo siku ile kwenye bomba hatukuwa na jibu, tulitazama chini. Sasa tumetafuta, tumesoma, tumewauliza wakubwa, na jibu letu tunaliweka hapa, juu Kadogo si yeye peke yake katika shule hii.

Tena msituletee Daudi na Goliati. Hadithi ile tumeisikia kwenye kulte na ni nzuri, lakini Daudi alikuwa na jiwe mkononi, na mwamuzi hakuwapo. Sisi tunasema juu ya mpira.

Kwanza tuangalie mwili wenyewe. Mwili wa mvulana mmoja haufuati saa ya mwenzake. Wengi wanarefuka kwa mbio karibu na miaka 13 au 14. Wengine wanaanza na 11 au 12, wengine wanangoja mpaka 15 na zaidi. Katika mwaka ule wa mbio mtu anaweza kuongeza sentimita 8, hata 10. Ndiyo maana watoto wawili waliozaliwa juma moja wanaweza kukaa kwenye banki moja, mmoja akampita mwingine kichwa kizima, na baada ya miaka minne ukawakuta bega kwa bega. Aliyeanza mapema anamaliza mapema pia. Sasa sisi tukichagua ekipe ya watoto wa miaka 15 kwa kuangalia urefu, mara nyingi tunachagua wale ambao saa yao imetangulia. Ni kama kumpa mtu zawadi juu amefika sokoni kabla ya wengine, bila kuuliza amebeba nini katika kitunga.

Si wote wafupi walio wa kungoja, hiyo pia tuseme. Kuna wafupi kwa sababu baba na mama ni wafupi. Na kuna wengine ambao chakula kilikosa walipokuwa wadogo sana. Mtoto akikosa chakula cha kutosha katika miaka miwili ya kwanza, mwili unaacha urefu ili kulinda uhai, na mara nyingi hata akila vizuri baadaye hausimami tena pale ulipopaswa kufika. Hapa kwetu tunajua jambo hili bila kitabu. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, jamaa ngapi zimekimbia Oicha, Eringeti na Mbau, zikaacha maharagi na muhogo shambani? Watoto waliozaliwa katika mbio zile sasa wako kwenye madarasa yetu. Anayecheka ufupi wa mwenzake, afikiri kwanza ufupi ule ulitoka wapi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanasema kwa sauti ya chini: miaka ya kwenye karatasi. Kila mtu amekwisha kuona « mtoto wa miaka 15 » mwenye ndevu. Mwaka 2009 FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 17. Mwanzo wa 2023 Kamerun ilipima vijana wake kabla ya mashindano, na 21 kati ya 30 walionekana wamepita umri. Ishirini na moja! Sasa fikirini mtoto mmoja wa kweli wa miaka 16 aliyesimama katikati ya wale. Makocha walimwona mfupi na dhaifu. Kumbe alikuwa ni yeye aliyesema ukweli.

Basi, je, kuna waliofika juu kabisa na mwili mdogo? Wapo, na mmoja tunataka kumweleza kwa urefu, maana maisha yake yanafanana na ya watu wa hapa kuliko ya watu wa Ulaya tunaowaona katika nyumba za kuonyesha mpira mjini.

Luka Modrić alizaliwa mwaka 1985 katika mji wa Zadar, nchi ya Kroatia. Alikuwa na miaka sita vita vilipofika kwao. Babu yake, ambaye ndiye aliyempa jina, aliuawa Desemba 1991, na nyumba ikachomwa. Jamaa ilikimbilia mjini ikawa wakimbizi, ikaishi miaka katika hoteli iliyojaa watu waliokimbia. Mtoto alijifunza mpira kwenye uwanja wa magari wa hoteli ile. Alipopelekwa kujaribiwa katika ekipe kubwa ya Hajduk Split, walimrudisha: mdogo mno, dhaifu mno. Baadaye Dinamo Zagreb ilimchukua, ikamwazimisha kwa ekipe ya Mostar katika Bosnia, ambako watu walicheza kwa nguvu na viwanja havikuwa vya zulia. Alikuwa na miaka 18, na mwaka ule alitajwa mchezaji bora wa ligi ile. Baadaye alikwenda Tottenham mwaka 2008, Real Madrid mwaka 2012. Ametwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara sita, na mwaka 2018 alipewa Ballon d'Or. Urefu wake ni metre 1,72.

Siku mtakapomtazama tena, msifuate mpira, mtazameni shingo. Kabla mpira haujamfikia amekwisha kugeuza kichwa kushoto, kuume, nyuma. Mpira unapofika anajua nani yuko wapi, na mkubwa anayekuja kumpiga bega anakuta hewa. Hilo ndilo jambo kubwa tulilolipata katika kutafuta kwetu kote. Mtu wa kilo 50 hawezi kushinda bega la mtu wa kilo 70, na sheria ya mpira inaruhusu bega kwa bega kama si kwa ukali wa kuumiza. Kwa hiyo yule wa kilo 50 hana budi kuwa amekwisha kuachia mpira au kugeuka kabla bega halijafika. Na hapo mwili mdogo unamsaidia: uzito wake uko karibu na udongo, hatua zake ni fupi, anageuka mahali padogo. Mrefu anageuka kama lori ya Kasindi kwenye barabara nyembamba.

N'Golo Kanté ni mwingine, metre 1,68 hivi, mtoto wa wazazi wa Mali aliyezaliwa Paris mwaka 1991. Vituo vikubwa vya vijana havikumtaka juu ya kimo. Alicheza katika ekipe ndogo ya Suresnes mpaka karibu miaka 19, na huku alisoma comptabilité. (Wenzetu wa Commerciale, mmesikia?) Alipita Boulogne na Caen, akafika Leicester mwaka 2015. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza, 2017 tena akiwa na Chelsea, na 2018 bingwa wa dunia na Ufaransa. Yeye kazi yake ni kunyang'anya mpira, kazi ambayo watu wanasema ni ya wenye miili.

Messi mnamjua, hatutakaa kwake. Ila mmoja wetu alisema: « Hata Messi alikuwa mfupi », na hapo tunataka kuweka neno. Messi alikuwa na ugonjwa wa kutokukua, ulihitaji sindano za bei kali. Barcelona ilimchukua akiwa na miaka 13, mwaka 2000, ikalipa matunzo. Katika Butembo nani atamlipia mtoto sindano za namna ile, wakati minerval yenyewe inalipwa nusu nusu? Kwa hiyo Messi asitumiwe kumdanganya mtoto.

Kwetu Kongo pia hawakukosa. Trésor Mputu alikuwa kapiteni wa Leopards walioshinda CHAN ya Abidjan mwaka 2009. Meschack Elia alifunga magoli mawili katika fainali ya CHAN ya Kigali mwaka 2016, tukashinda Mali tatu kwa bila, akatajwa mchezaji bora, kisha akaenda Young Boys ya Bern huko Uswisi. Katika hao wawili hakuna mwenye mwili wa kutisha. Na dada zetu wasifikiri tumewasahau: Marta wa Brazili ana metre 1,62, na FIFA imemtaja mchezaji bora wa dunia mara sita.

Hata katika michezo ambayo urefu au nguvu ni kama sheria, mtu anapenya. Katika basket ya NBA, ambako Mutombo wetu alisimama na metre 2,18, alikuwako Muggsy Bogues wa metre 1,60, na alikaa misimu 14. Hakujaribu kuruka na majitu, aliiba mpira pale chini ambapo majitu hayafiki. Na kule Kanada wanacheza hoki juu ya barafu, mchezo ambao kumgonga mwenzako kwa mwili mzima ni halali. Martin St. Louis, metre 1,73, hakuna ekipe iliyomchagua siku ya kugawana vijana. Mwaka 2004 alikuwa mchezaji bora wa ligi yao nzima na akabeba kombe na Tampa Bay.

Lakini tusidanganyane. Goli lina metre 7,32 kwa upana na 2,44 kwa urefu, na halipunguzwi kwa ajili ya mtu yeyote. Jorge Campos wa Meksiko, metre 1,68, alikuwa golikipa katika Kombe la Dunia la 1994 na la 1998; mtutajie mwingine wa kimo kile. Beki wa katikati yuko Cannavaro, metre 1,76, kapiteni wa Italia mabingwa wa 2006, lakini yeye aliruka kama mbuzi wa mlimani, na wa namna yake ni wachache. Mtoto mfupi anayependa kusimama golini, tumwambie mapema ajaribu na nafasi nyingine. Kunyamaza si upendo.

Tena kuna hesabu moja inayofichwa na hadithi hizi zote. Majina ya waliopita tunayajua. Wale wafupi elfu na elfu waliorudishwa na hawakurudi tena, hawana jina wala picha. Na warefu vilevile, maana wengi sana hawafiki popote. Kwa hiyo akija bwana mmoja mjini kusema ana njia ya kumpeleka mtoto Ulaya, na anaomba dola mia mbili za karatasi, baba asiuze mbuzi. Kanté alishika comptabilité mpaka siku ambayo mpira wenyewe ulimlipa.

Sasa jibu kwa ndugu yetu. Kadogo, haikuwa mpira. Tuliangalia urefu, na hatukukutazama hata dakika kumi. Kosa ni letu, tuliokuwa kwenye meza, na yule aliyesema « batamuvunja » ni mmoja wa wanaoandika ukurasa huu. Hatukuahidi nafasi. Pengine tutakutazama na kukuta kweli bado, na tutakuambia machoni pako kwamba ni kidhibiti cha mpira, au pumzi, au kichwa kisichogeuka.

Tumezungumza na mwalimu wa mchezo. Amekubali tucheze tena, pande mbili za watu wanane, nusu ya kiwanja, kila mchezaji kugusa mpira mara mbili tu kisha kuuachia. Namna hiyo bega halina kazi kubwa, na anayeona mbele ataonekana. Wanaotaka kujaribu, warefu kwa wafupi, waje Jumatano saa kumi, kiwanja cha chini. Karatasi ya mlangoni imeondolewa, mpya itabandikwa Ijumaa. Viatu vya kuazima viko kwa kapita wa darasa la nne, namba 38 mpaka 42. Namba 37 hatuna. Mwenye nayo nyumbani ailete.