Mlinganyo na Kulinganisha: Shina Moja, Kazi Moja

Katika shule za sekondari za Kongo, aljebra hufundishwa kwa Kifaransa, na aghalabu mwanafunzi huipokea kama mkusanyo wa amri: namba ikivuka alama ya usawa, hubadilishwa alama yake. Amri hiyo ina hatari. Aliyeikariri bila kuielewa, akipewa 3x = 12, huweza kuivusha 3 na kuandika x = 12 – 3, yaani 9, ilhali jawabu ni 4. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili waweza kumkinga na kosa hilo.

Istilahi mlinganyo ina uhusiano na kitenzi lingana, yaani kuwa sawa. Ndani yake mna picha ya mizani: kitendwacho upande mmoja sharti kitendwe upande wa pili, usawa usije ukavunjika. Anayeikumbuka mizani haivushi 3; hugawanya pande zote mbili kwa 3. Neno la Kifaransa équation nalo lina asili ya Kilatini yenye maana ya kusawazisha, lakini maana hiyo haimfikii mtoto wa Lubumbashi kwa kulisikia tu.

Wazo hili ni kongwe. Katika karne ya 9, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake lina maneno al-jabr na al-muqabala. La kwanza limezaa aljebra. La pili, lililohusu kupunguza viasi vya aina moja vilivyo katika pande mbili, ni ndugu wa maneno ya Kiswahili kabili na mkabala.

Na uchukuliwe mfano wa wachukuzi wawili wa magunia. Wa kwanza hudai faranga 10000 za safari, pamoja na 2000 kwa kila gunia. Wa pili hudai 3000 kwa kila gunia, basi. Idadi ya magunia ikiitwa x, gharama hulingana pale ambapo:

2000x + 10000 = 3000x

Pande zote zikipunguzwa 2000x, hubaki 10000 = 1000x. Zikigawanywa kwa 1000, x = 10.

Sasa kanuni hizo mbili zichorwe katika grafu moja, magunia yakihesabiwa kwa mlalo na faranga kwa wima. Mstari wa kwanza huanzia 10000 na kupanda polepole; wa pili huanzia sifuri na kupanda kwa kasi zaidi. Hukutana penye magunia 10 na faranga 30000. Kabla ya hapo mstari wa pili uko chini: kwa magunia 6, mchukuzi wa pili hulipwa 18000, wa kwanza 22000. Baada ya hapo mambo hugeuka: kwa magunia 15, wa kwanza hulipwa 40000, wa pili 45000.

Kwa hiyo, kutatua mlinganyo ni kutafuta mahali grafu mbili zinapokutana. Kulinganisha grafu ni kuona yanayotokea kabla na baada ya mahali hapo. Vitabu huzitenga kazi hizi katika sura mbili, lakini Kiswahili kimeziweka katika shina moja. Haihitajiki kukiondoa Kifaransa darasani ili kuufaidi utajiri huo. Yatosha mwalimu aanze na neno ambalo mwanafunzi tayari anajua maana yake, kisha amfundishe alama.