Unalipa mafundi wa mjengo kwa simu? Epuka makosa haya ya kodi

Kama wewe ni kontrakta, unaijua Jumamosi ya saiti. Fundi wa stima anangoja, wa mabomba anangoja, na simu iko mkononi. Unatuma, meseji inaingia, kila mtu anaenda nyumbani. Shida huja miezi kadhaa baadaye, KRA inapouliza: kodi ya zuio iko wapi?

Ukimpa kazi ya ujenzi kontrakta mdogo ambaye ni mkaazi wa Kenya, unatakiwa kukata asilimia 3 iwapo malipo yake ya mwezi yamefika KSh 24,000. Usipokata, KRA inaweza kukudai wewe, tena na faini na riba juu. Yaani unalipa kodi ya mtu ambaye pesa zake ashazitumia.

Angalia makosa haya:

1. Kuhesabu kila malipo peke yake. Wiki hii umetuma 15,000, wiki ijayo 15,000 zingine. Unaona hujafika 24,000, lakini haba na haba hujaza kibaba: jumla ya mwezi ni 30,000. Kodi ni 900, kwa hivyo malipo ya pili yanafaa kuwa 14,100. Mwambie fundi mapema, asidhani umemla.

2. Kukata hadi kwenye VAT. Ankara ikiwa ya 100,000 na VAT ya 16,000, asilimia 3 inatoka kwa ile 100,000. Unakata 3,000, unatuma 113,000.

3. Kudhani meseji ya malipo ni ankara. Meseji inaonyesha pesa zimetoka, haionyeshi ni za kazi gani. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS inaweza kukataliwa ukipiga hesabu ya kodi ya mapato. Itisha ankara kabla ya kulipa, maana ukishatuma, kuitafuta ni kazi nyingine.

4. Kutuma kwa laini ya mtu mwingine. "Nitumie kwa namba ya ndugu yangu" huleta maswali. Jina la anayepokea lilingane na lililo kwenye ankara na PIN.

5. Kukata halafu kukaa na pesa. Una siku 5 za kazi kuiwasilisha KRA kupitia iTax. Hakikisha pia fundi amepata cheti chake, kwa sababu hicho ndicho atatumia kudai kodi aliyokatwa anapojaza ritani.

Na vibarua wako wa mshahara je? Hao ni wafanyakazi. Wana utaratibu wao wa PAYE, NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba, usiwachanganye na makontrakta.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla ya kubonyeza "Tuma", angalia vitu vinne: jina, PIN, ankara na jumla ya mwezi. Kisha pakua taarifa yako ya malipo kila mwisho wa mwezi, uilinganishe na ankara moja baada ya nyingine. Ukikwama na hesabu, muone mhasibu kabla KRA haijakupigia.