Jengo la Kigothiki na mpaka wa mwaka 1863: Sheria inalinda nini?

TANGU Bariadi ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, mji huo uliozoeleka kwa biashara ya pamba umebeba majukumu mapya ya kiutawala. Mji unapopanda hadhi, bei ya kiwanja nayo hupanda, na jengo la zamani lililokaa katikati ya mji huanza kutazamwa kama kikwazo. Hapo ndipo huzuka swali ambalo wakazi wa Dar es Salaam wamelizoea kwa miaka mingi: je, jengo hilo linalindwa na sheria?

Jibu lake huwashangaza wengi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, ambayo hutumika Tanzania Bara, hulihesabu jengo kuwa la kale moja kwa moja endapo tu lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979, lakini mpaka huo haukusogezwa.

Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Utawala wa Wajerumani ulianza mwaka 1885, na wa Waingereza ukafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo hakuna boma hata moja la kikoloni, liwe la Maswa au la Mwanza, linaloingia katika kinga hiyo ya moja kwa moja. Hata misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, imeukosa mwaka huo kwa miaka mitano.

Majengo ya mtindo wa Kigothiki ndiyo yanayoonyesha tatizo hili waziwazi. Hapa kwetu mtindo huo huonekana zaidi katika nyumba za ibada kuliko katika nyumba za kuishi, na mfano unaofahamika sana Tanzania Bara ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililopo Barabara ya Sokoine jijini Dar es Salaam, likitazamana na bandari. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walianza kulijenga mwaka 1897 na kulimaliza mwaka 1902. Askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji.

Mtindo wenyewe ulizaliwa Ufaransa katika karne ya 12, ukafufuliwa Ulaya katika karne ya 19. Alama yake kuu ni tao lenye ncha juu. Si pambo tu. Tao la mviringo husukuma kuta kwa nguvu kuelekea nje, hivyo huhitaji kuta nene. Tao lenye ncha hupeleka sehemu kubwa zaidi ya uzito chini, kwenye nguzo. Fundi anapoongeza mbavu za dari na vihimili vya nje vya kuegemeza ukuta, ukuta hubaki na kazi ndogo, naye anaweza kufungua madirisha marefu na kuyajaza vioo vya rangi, kama vile vilivyo nyuma ya altare ya kanisa hilo la Dar es Salaam.

Ng'ambo ya bahari, huko Mkunazini, Unguja, Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana alifanya jambo la ujasiri zaidi. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa lililokuwa mahali hapo kufungwa. Kanisa hilo limechanganya Ugothiki na mapambo ya Kiislamu, na dari lake la kuba lilifinyangwa kwa matumbawe yaliyochanganywa na saruji. Wapo waliotabiri kwamba lingeanguka, lakini bado lipo. Zanzibar, hata hivyo, ina sheria zake za hifadhi.

Tukirudi Bara, mlango uliobaki kwa jengo la baada ya mwaka 1863 ni tangazo. Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale anaweza kutangaza katika Gazeti la Serikali kwamba jengo fulani ni la kihistoria. Likishatangazwa, kulibomoa au kulibadili bila idhini huwa kosa. Bila tangazo, sheria hiyo haina la kusema, hata jengo liwe zuri kiasi gani.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Sheria hiyo hiyo hulinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, mradi ziwe za mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki. Mlango wa Kigothiki wa mwaka 1900, kwa maneno hayo, haumo. Mlango wa Kiswahili wa mwaka 1935 umo, ingawa ukuta unaoushika unaweza kubomolewa.

Tangazo nalo si dawa ya kila kitu. Jumba la Beit el-Ajaib lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, lakini sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki dunia. Karatasi haizibi paa linalovuja. Aidha, ukarabati usiofaa huua jengo polepole: kuta za mawe zilizojengwa kwa chokaa zinahitaji kupumua, na zikipigwa lipu ya saruji unyevu hunaswa ndani, chumvi hupanda, na jiwe huanza kumomonyoka kutoka nyuma ya lipu.

Kwa Simiyu, yenye majengo ya misheni, ofisi za zamani za wilaya na viwanda vya kuchambua pamba vya karne ya 20, hatua ya kwanza haihitaji kusubiri waziri. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imegusia majengo yenye thamani ya kihistoria. Halmashauri ya Mji wa Bariadi ikiwa na orodha ya majengo hayo, yenye picha, mwaka wa ujenzi na jina la mmiliki, ofisa anayepokea ombi la kubomoa atajua anachokiidhinisha kabla ya kutia saini. Orodha hiyo pia ndiyo ushahidi wa kwanza atakaouhitaji yeyote anayetaka kupeleka ombi la tangazo kwa waziri.