Grosari Ikiwa Jirani na Chumba cha Mtoto

Kanada ilihalalisha bangi Oktoba 2018, na katika jimbo la Ontario duka la bangi haliruhusiwi kuwa chini ya meta 150 kutoka shuleni. Wazazi wa huko wanajiuliza kama umbali huo unatosha. Kwetu Tanzania bangi ni kosa la jinai, wala hatuombi iwe vinginevyo. Lakini swali lao linatuhusu sisi akina mama wa Mwananyamala, Tandale, Tandika na Mbagala, maana duka letu la kilevi halali tunapakana nalo ukuta kwa ukuta: grosari.

Tunasema haya bila kuwadharau wenye grosari. Wengi wao ni akina mama wenzetu, na ada ya shule ya watoto wao inatoka kwenye hilo kreti la bia. Hata hivyo, madhara yapo, nayo huwafikia hata wasioonja tone.

Wazazi tunavikumbuka viroba, ile pombe kali iliyofungwa katika vifuko vya plastiki. Kwa shilingi 500 hivi mtu alipata kifuko kinachoenea kiganjani. Kilining'inia dukani kando ya sabuni na biskuti, kikauzwa stendi kwa makondakta, na mwanafunzi aliweza kukificha ndani ya soksi. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuvipiga marufuku, na marufuku ikaanza Machi 1 mwaka huo. Uamuzi ule ulikuwa mzuri. Lakini kilichoondolewa ni kifuko; duka limebaki palepale, na chupa ndogo bado zipo.

Ukaribu una nguvu yake. Mtoto apitaye mbele ya meza za bia asubuhi na jioni huona ulevi kuwa sehemu ya maisha, kama kununua mkaa. Baba naye, ambaye angesita kupanda daladala kwenda kunywa, hasiti kuvuka uchochoro. Fedha ya mboga huvuka naye. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kwa kijana hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ubongo wake haujakomaa. Pombe nyingi huongeza pia hatari ya kupata kifua kikuu, ugonjwa unaopenda vyumba vilivyosongamana kama vyetu, na humfanya anayetumia dawa za VVU asahau kuzimeza.

Halafu kuna spika. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji usingizi wa jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku. Muziki ukizimwa usiku wa manane, naye anaamshwa alfajiri kuwahi shule, atajifunza nini darasani? Mwalimu humwita mvivu. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, na mwaka 2022 Baraza la Mazingira, NEMC, lilifungia baa kadhaa za Dar es Salaam kwa sababu hiyo.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwuzia kileo aliye chini ya miaka 18. Hapa wazazi tusiwatazame wauzaji peke yao. Ni nani anayempa binti wa miaka 9 noti na kumwambia, "Kamletee baba bia mbili"? Baba ana miguu, aifuate mwenyewe.

Leseni za vileo hutolewa na manispaa, na zina masharti ya saa za kuuza. Akina mama watano au sita wakiandika kwenye daftari siku na saa ambazo muziki ulipita kiasi, au mtoto aliuziwa pombe, wana jambo la kupeleka. Waanzie kwa mwenye grosari, kwa upole, mchana asipokuwa na wateja. Asiposikia, wapeleke daftari hilo ofisi ya serikali ya mtaa, wakiomba barua yao igongwe muhuri na nakala moja ibaki mikononi mwao.