Nani wa Kwanza? Juu ya Kupanga Timu za Mpira wa Kikapu

Muhula uliopita palitokea jambo hapa shuleni ambalo ndugu zetu wa zamani hawajalisikia, nami sina budi kulieleza kwanza, maana ndilo lililonitia kuandika makala haya. Mabweni yetu manne yalishindana katika mpira wa kikapu, kila bweni likicheza na jingine mara mbili, na bweni litakaloongoza lilikuwa limeahidiwa safari ya mjini kucheza na shule jirani. Mchezo wa mwisho ulipokwisha, bweni letu na bweni la upande wa kisima tulikuwa sawasawa: kila mmoja ameshinda mara nne na kushindwa mara mbili. Sisi tulikuwa tumewafunga wao mara moja, nao wametufunga sisi mara moja. Ndipo ilipoonekana kwamba hapana mtu aliyekuwa ameandika kanuni ya kuamua. Wengine wakasema zihesabiwe pointi, wengine wakataka turudie mchezo, na kengele ya chakula ikalia watu wangali wakibishana. Mwishowe kiranja mmoja akatoa sarafu mfukoni, akairusha, na bweni la kisima wakaenda mjini. Kiranja mwenyewe alikuwa wa bweni la kisima. Sisemi kwamba alidanganya. Nasema tu kwamba mpaka leo wako vijana wasioketi meza moja.

Mimi ndimi niliyekuwa nahodha wa bweni letu. Baada ya hasira kupoa nilianza kutafuta jinsi wenzetu wa nchi nyingine wanavyolitatua jambo hili, na mfano mzuri kuliko yote niliupata katika vyuo vya Marekani, msimu ulioanza 2021 na kwisha 2022. Nimeuchagua msimu huo pia kwa sababu ndani yake yumo kijana wa jirani yetu, Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi katika Kongo, mji ambao Kiswahili chake husikika njiani na sokoni kila siku.

Vyuo vya Marekani vinavyocheza daraja la kwanza ni zaidi ya 350, wala haiwezekani kila kimoja kicheze na vyote. Kwa hiyo vimejigawa katika jumuiya, ambazo wenyewe huziita konferensi. Mwaka 2022 zilikuwa 32. Chuo cha Tshiebwe, Kentucky, kimo katika jumuiya ya kusini-mashariki iitwayo SEC. Mwaka ule ilikuwa na vyuo 14 (tangu 2024 ni 16), na kila kimoja kilicheza michezo 18 ya jumuiya. Tafadhali msomaji, hesabu pamoja nami. Chuo kina wenzake 13. Ukicheza na watano kati yao mara mbili, nyumbani na ugenini, na wanane waliobaki mara moja moja, jumla ni 18. Maana yake ni kwamba mmoja atakutana na wakali mara mbili, na mwingine atakutana nao mara moja tu, tena pengine katika uwanja wake mwenyewe. Hapa ndipo mizani inapoanza kupinda, na bado hatujafika mbali.

Katika mpira wa kikapu hakuna sare. Wakilingana huongezewa dakika mpaka mmoja ashinde. Basi msimamo hupangwa kwa kulinganisha michezo mtu aliyoshinda na yote aliyocheza. Kabla msimu haujaisha, jambo hili huwapotosha wengi. Timu iliyoshinda 12 na kushindwa 4 ina 75 katika kila mia. Iliyoshinda 11 na kushindwa 3 imepita 78. Mwenye kushinda michezo michache ndiye aliye juu! Wamarekani pia hupenda kusema timu fulani iko nyuma kwa mchezo mmoja, au mmoja na nusu. Hesabu yake ni nyepesi: chukua tofauti ya michezo waliyoshinda, jumlisha na tofauti ya michezo waliyoshindwa, kisha gawanya kwa mbili.

Sasa tazama asubuhi ya Jumamosi 5 Machi 2022, siku ya mwisho ya msimu wa SEC. Auburn alikuwa ameshinda 14 na kushindwa 3. Nyuma yake kwa mchezo mmoja walikuwa watatu, Tennessee, Kentucky na Arkansas, na wote watatu walikuwa wameshinda 13 na kushindwa 4. Jioni ile Auburn alishinda, akabaki peke yake kileleni kwa 15 na 3. Tennessee alimfunga Arkansas 78 kwa 74, na Kentucky alikwenda Florida akashinda 71 kwa 63. Basi Arkansas akawa wa nne, lakini Tennessee na Kentucky wakawa sawasawa kabisa, 14 na 4, kama sisi na bweni la kisima.

Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kanuni iliyoandikwa kabla ya msimu. Kwanza hutazama michezo ya hao wawili wenyewe kwa wenyewe. Kentucky alikuwa amemfunga Tennessee 107 kwa 79 mwezi wa Januari, na Tennessee akalipa Februari, 76 kwa 63. Moja kwa moja. Angalieni kwamba hapa hawakujumlisha pointi. Kama wangejumlisha, Kentucky angepita kwa mbali. Badala yake walikwenda hatua ya pili: kila mmoja alifanya nini mbele ya yule aliyeshika nafasi ya kwanza, yaani Auburn? Kentucky alikuwa ameshindwa naye 80 kwa 71. Tennessee alikuwa amemshinda 67 kwa 62. Kwa hiyo Tennessee akaandikwa namba 2, na Kentucky namba 3. Kama hatua hii nayo isingewatenganisha, wangeshuka kwa timu ya nafasi inayofuata, na nyingine, mpaka chini. Na baada ya yote hayo, mwisho kabisa, hurushwa sarafu. Nilipoisoma hiyo sarafu nilicheka peke yangu. Kumbe haikuwa dhambi kuirusha, ila sisi tuliianza mwanzo wakati wao huiweka mwisho.

Walakini siwezi kusema kanuni hiyo ni haki tupu. Kila mmoja wa wawili hao alikutana na Auburn mara moja tu. Tennessee alikutana naye kwake, Knoxville. Kentucky alimfuata hukohuko Auburn. Nani anajua kama ratiba ingegeuzwa ingekuwaje? Lakini ratiba ilitoka kabla ya mtu yeyote kujua kwamba mchezo ule ungeamua neno, na hilo ndilo linalowafanya watu wakubali.

Chini yao kulikuwa na msongamano ambao ungetuvunja vichwa. Timu tano, LSU, Alabama, South Carolina, Texas A&M na Florida, zote zilishinda 9 na kushindwa 9! Wanapolingana wengi namna hii, huchukuliwa michezo waliyocheza wao kwa wao tu, ikafanywa msimamo mdogo ndani ya ule mkubwa. Hivyo zikapangwa namba 5 mpaka 9, kwa utaratibu huo niliozitaja.

Mtu atauliza, kwa nini kujisumbua hivi juu ya nafasi ya 7 au ya 8? Kwa sababu baada ya msimamo huja mashindano ya kutoana, na namba ndiyo hukuambia utaanza siku gani. Mwaka ule yalifanywa katika mji wa Tampa. Namba 11 mpaka 14 walianza Jumatano; namba 5 mpaka 10 wakaingia Alhamisi; na wale wanne wa juu wakapumzika mpaka Ijumaa. Fainali Jumapili. Kwa hiyo namba 4 alitakiwa kushinda mara tatu apate kombe, namba 5 mara nne kwa siku nne mfululizo, na yule wa mkiani mara tano kwa siku tano. Aliyecheza siku mbili mfululizo katika jua letu atafahamu nisemalo. Kwa maoni yangu, kati ya namba 2 na namba 3 iko heshima tu, kwani hao hupumzika sawasawa na wakishinda hukutana nusu fainali. Lakini kati ya namba 4 na namba 5 iko siku nzima ya miguu.

Hata hivyo Texas A&M, namba 8, karibu waupindue mlima. Alhamisi waliwafunga Florida katika dakika za nyongeza. Ijumaa wakawatoa Auburn, wakuu wa msimamo, 67 kwa 62. Jumamosi wakawapiga Arkansas 82 kwa 64. Jumapili nguvu ziliwaishia, Tennessee wakawafunga 65 kwa 50 na kutwaa kombe. Tshiebwe na wenzake walikuwa wametolewa na Tennessee hao hao Jumamosi, 69 kwa 62.

Jioni ileile ya Jumapili ndipo ilipotangazwa orodha ya taifa, na hapa inaingia mizani ya tatu. Timu 68 huingia mashindano makubwa ya taifa. Mwaka 2022, nafasi 32 zilikuwa za wale waliotwaa kombe la kila jumuiya, na 36 zilitolewa na halmashauri iliyoketi na kutazama msimu mzima, nani alimshinda nani, wapi, na ukali wa aliyeshindwa. Halmashauri hugawanya timu katika mikoa minne na kuzipa namba 1 mpaka 16, na namba 1 hucheza na 16, namba 2 na 15, hivyo hivyo. Ukijumlisha namba za wanaokutana mwanzo utapata 17 siku zote. (Timu nane hucheza kwanza kugombea nafasi nne za mwisho.)

Halmashauri haikufuata msimamo wa SEC. Kentucky, aliyekuwa wa tatu, akapewa namba 2. Tennessee, aliyekuwa juu yake, aliyemfunga jana yake, tena mwenye kombe mkononi, akapewa namba 3. Alabama, aliyetolewa Tampa katika mchezo wake wa kwanza, akaitwa na kupewa namba 6. Texas A&M, aliyefika fainali, hakuitwa kabisa. Wote wawili walikuwa 9 kwa 9! Mwalimu wao alilalamika waziwazi, nami nilipoanza kusoma nilikuwa upande wake. Lakini nikatazama zaidi. Alabama msimu ule alikuwa amewafunga Gonzaga, Houston na Baylor, timu kubwa mno. Texas A&M katikati ya msimu alishindwa michezo minane mfululizo. Halmashauri ilipima miezi minne. Mwalimu alipima siku nne. Bado naona ilikuwa na mkono mgumu, ila siwezi tena kusema ilikuwa kipofu.

Tena kuna upande wa pili wa kombe la jumuiya. Katika jumuiya ndogo iitwayo MAAC, chuo cha Iona kiliongoza msimamo kwa kushinda 17 na kushindwa 3. Katika mashindano ya kutoana kikafungwa na Rider, namba 9, kwa pointi moja tu, 71 kwa 70. Kwa jumuiya ndogo halmashauri huita kwa nadra zaidi ya timu moja, Iona hakuitwa. Kombe lilichukuliwa na Saint Peter's, aliyekuwa wa pili katika msimamo kwa 14 na 6, chuo kidogo cha Wajesuiti katika mji wa Jersey City. Wenzangu wa shule za misheni watanisamehe nikitabasamu. Saint Peter's wakapewa namba 15, na namba 15 hukutana na nani? Namba 2. Kentucky.

Walikutana tarehe 17 Machi 2022 mjini Indianapolis. Tshiebwe, ambaye mwaka ule alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16. Haikutosha. Wakalingana, wakaongezewa dakika, na Saint Peter's wakashinda 85 kwa 79. Kisha wakawatoa Murray State, kisha Purdue, wakawa timu ya kwanza yenye namba 15 kufika katika wanane wa mwisho, ndipo North Carolina walipowazuia. Na kama Iona angepata pointi mbili zaidi mbele ya Rider, huenda lisingetokea hata moja katika haya.

Halmashauri ya michezo ya shule yetu itakutana kabla ya mashindano ya muhula huu, na mimi nimepeleka karatasi yenye kanuni nne. Wakilingana, kwanza michezo yao wenyewe; pili, walifanya nini mbele ya bweni lililo juu miongoni mwa yaliyobaki; tatu, mbele ya bweni la mwisho. Pointi sikuziweka, maana nimeona watu wakiwafungafunga wanyonge ili wajaze daftari. Nahodha wa bweni la kisima ameisoma, akatia sahihi chini ya yangu. Kanuni ya nne ni sarafu, na tumekubaliana wote wawili kwamba atakayeirusha ni mzee mpishi, kwa kuwa yeye hana bweni.