Bandama la Mtoto: Kikatwe Nini, Kiachwe Nini

Huku pwani, mtoto akivimba tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, watu husema ana bandama, na anayempokea hospitali huanza na kipimo cha malaria. Mara nyingi hawakosei. Malaria ya kujirudia hulikuza bandama, ambalo pia huitwa wengu, kiasi kwamba tangu miaka ya 1840 madaktari nchini India walikuwa wakikadiria ukali wa malaria kijijini kwa kupapasa matumbo ya watoto. Lakini wapo wachache ambao kipimo hakioni malaria, dawa wamekwishameza, na uvimbe uko palepale. Baadhi yao wana kifuko cha maji ndani ya bandama.

Ugonjwa huu ni adimu, na chanzo chake si kimoja. Kuna kifuko ambacho mtoto huzaliwa nacho, chenye utando wake kwa ndani. Kuna kinachotokana na kuumia: mtoto ameanguka kutoka mtini au amepigwa tumboni, damu ikavilia ndani ya bandama, na baada ya miezi au hata miaka ikageuka majimaji. Cha tatu huletwa na mnyoo wa mbwa, ugonjwa uliozoeleka zaidi kwa wafugaji, kama wa Turkana nchini Kenya, kuliko kwa wavuvi wa visiwani. Hicho hakitobolewi ovyo, kwa kuwa maji yake yakimwagika tumboni hupanda vifuko vipya, na mwili unaweza kupata mshtuko wa kuua.

Kifuko kidogo hakisumbui. Kikikua, mtoto hulalamika uzito ubavuni, hushiba kwa matonge machache, hutapika, na wengine huumwa bega la kushoto. Altrasaundi, kipimo kisicho na maumivu, huonyesha kama uvimbe ni nyama au maji. Kifuko kisichofika sentimita 5 na kisicholeta shida kwa kawaida huachwa, mtoto akapimwa tena baada ya miezi kadhaa. Kikizidi hapo, au kikiuma, madaktari wengi hushauri upasuaji, kwani kinaweza kupasuka, kuvuja damu au kuota usaha.

Zamani jibu lilikuwa moja: bandama lote litoke. Mwaka 1867 huko Paris, daktari Jules Péan alimwondolea msichana wa miaka 20 bandama lenye kifuko kikubwa, naye akapona. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mtu haathiriki kwa kukosa kiungo hicho. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1952, pale madaktari wa Marekani, King na Shumacker, walipoeleza habari za watoto wachanga 5 walioondolewa bandama, ambao wengi wao walishambuliwa baadaye na maambukizi makali. Bandama huchuja damu, huondoa chembe zilizochakaa na zile zilizobeba vimelea vya malaria, na huukinga mwili dhidi ya bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Asiye nalo anaweza kuamka na homa asubuhi na kuwa mahututi jioni. Watoto wa chini ya miaka 5 ndio walio hatarini zaidi.

Sasa tumfikirie mtoto wa Jibondo. Ni kisiwa kidogo cha miamba ya matumbawe kusini mwa kisiwa kikubwa cha Mafia, watu wake wavuvi na mafundi wa vyombo vya baharini. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, ng'ambo ya maji. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto wako mbali zaidi, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mtoto huyu anahitaji bandama lake kuliko yule anayeishi jirani na hospitali kubwa, maana mbu wapo na bahari iko katikati. Fundi wa Jibondo akikuta ubao mmoja umeoza, hubadilisha ubao huo. Hachomi chombo kizima. Upasuaji wa siku hizi nao umefika hapo.

Kukata sehemu mbovu tu kunawezekana kwa sababu mshipa unaolisha bandama hugawanyika matawi kabla ya kuingia, na kila tawi hulisha sehemu yake. Daktari hufunga tawi la sehemu yenye kifuko, sehemu hiyo hubadilika rangi, naye hukata akifuata mpaka huo. Robo ya bandama ikibaki na damu yake, inatarajiwa kuendelea na kazi ya kinga. Kifuko kikiwa juujuu, hutolewa ukuta wake tu. Mtoto akiwa amelazwa usingizi, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kamera na vifaa hupitishwa kwenye matundu madogo, maji hunyonywa. Mara nyingine maji hayo hutoka ya kahawia yakimetameta kwa chembechembe za mafuta. Kisha ukuta hukatwa na kupelekwa maabara. Ukibakizwa utando mwingi, kifuko hurudi. Kunyonya maji kwa sindano peke yake ndiko hurudisha kifuko mara nyingi zaidi.

Yapo mabandama yasiyookoleka: kifuko kimekula karibu nyama yote, au damu haizuiliki. Hapo litolewe, ila kwa maandalizi. Chanjo za nimonia na uti wa mgongo zitangulie angalau wiki 2, na penisilini ya kila siku ifuate kwa muda atakaopanga daktari. Chandarua kisikosekane.

Kwa mzazi, mambo ni mawili. Uvimbe wa ubavu wa kushoto usiopungua baada ya tiba ya malaria usikandwe wala kuchuliwa, omba altrasaundi. Na mtoto aliyeondolewa bandama akipata homa, usimpe panadoli ukasubiri kupambazuke. Tafuta chombo, umvushe saa ileile.